Sauti Sikioni: Mwongozo wa Kidijitali katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Doha

Ijumaa alasiri, baada ya swala, barabara ya ufukweni mjini Doha iitwayo Corniche hujaa watu ambao hawana siku nyingine ya kupumzika katika juma zima. Miongoni mwao wamo walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na watumishi wa majumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na si vigumu kukisikia Kiswahili cha lafudhi mbalimbali kati ya soko la Souq Waqif na mahali yanapotia nanga majahazi. Matembezi hayo mara nyingi huishia mbele ya jengo la mawe ya rangi ya maziwa, lililosimama peke yake juu ya kisiwa kidogo, ng'ambo ya daraja fupi lililopandwa mitende.

Hilo ndilo Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu. Lilizinduliwa Novemba 2008, likafunguliwa upya Oktoba 2022 baada ya ukarabati. Siku ya Ijumaa milango yake hufunguliwa saa saba na nusu mchana, na mkazi wa Qatar mwenye kitambulisho cha ukazi huingia bila malipo. Hata hivyo, wapo wanaopiga picha nje, wakalitazama lango kwa muda, kisha wakarudi walikotoka. Hawazuiwi na fedha. Wanazuiwa na hofu ya kuingia mahali ambapo mtu hajui asimame wapi, atazame nini, wala amwulize nani bila kuonekana mjinga. Makala haya yanahusu chombo ambacho, kikitumiwa vizuri, huiondoa hofu hiyo, na kikitumiwa vibaya humfanya mgeni atoke na kidogo kuliko alichoingia nacho: mwongozo wa sauti wa kidijitali.

Utaratibu wake ni rahisi. Kando ya baadhi ya vitu vilivyoonyeshwa huwekwa namba, au alama ya mraba inayosomwa na kamera ya simu. Mgeni huibonyeza namba, au huielekezea simu yake alama ile, na msomaji aliyerekodiwa humweleza kilichoko mbele yake. Zamani kifaa chenyewe kilikodishwa mlangoni na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Siku hizi majumba mengi duniani yameihamishia kazi hiyo kwenye simu ya mgeni mwenyewe, naye hutarajiwa kuja na visikizi vyake. Kwa kuwa mipango ya namna hii hubadilika, ni vyema kuuliza dawatini kabla ya kupanda ngazi, na kupakua kinachopakuliwa mapema kabla betri na intaneti havijaanza kuleta usumbufu.

Watu wa redio wana haki ya kujivunia kidogo katika jambo hili, kwa sababu mwongozo wa sauti ulizaliwa ukiwa redio. Mwaka 1952, Jumba la Stedelijk mjini Amsterdam, Uholanzi, lilirusha mihadhara yake kwa masafa mafupi ndani ya kuta zake tu. Wageni walizunguka na vipokezi vidogo mkononi na kisikizi sikioni, wakichagua kati ya Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Kasoro yake ilikuwa ile ile ya matangazo yote: kila aliyekuwamo alisikia neno lile lile kwa dakika ile ile, hivyo kundi zima liligeuka kwa pamoja kuelekea picha moja kana kwamba limevutwa kwa uzi. Baadaye zikaja kanda za kaseti, nazo pia zilimlazimisha msikilizaji kufuata njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kumbukumbu za kidijitali zilizompa mgeni ruhusa ya kuruka, kurudia, au kuanzia chumba cha mwisho akipenda.

Uhuru huo haukuja bila kifungo kingine, na kifungo chenyewe ni namba. Katika jumba lolote lenye mwongozo wa sauti, mtu akikaa pembeni na kutazama mwendo wa wageni ataona kwamba wenye visikizi husimama penye namba na kupita pasipo na namba. Kitu kisicho na namba hugeuka kuwa kama hakipo. Aidha, mgeni huacha kutazama pale sauti inapoacha kusema. Mwandishi wa maelezo ya namna hii hupewa dakika moja na nusu, pengine mbili, kwa kila kitu. Katika muda huo hana budi kuchagua, na kila anachokichagua kinasukuma kingine nje ya masikio ya msikilizaji. Hilo si kosa lake. Mtangazaji wa habari hukumbwa na shida hiyo hiyo kila siku. Kosa huwa la msikilizaji anayedhani kwamba dakika mbili zilizosemwa ndiyo habari yote.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kufanya na mwongozo huo ndani ya jumba la Doha ni kutouwasha. Jengo lenyewe linastahili dakika kumi za kimya. Msanifu wake, I. M. Pei, Mmarekani aliyezaliwa China mwaka 1917, alikuwa na umri wa miaka 91 jumba lilipozinduliwa. Alipopewa kazi hiyo alikiri kwamba hakuufahamu vya kutosha usanifu wa Kiislamu, akafunga safari ya kuutafuta: Hispania, India, Syria, Tunisia. Alichokitaka alikipata Cairo, katika kijijengo cha maji ya kutawadhia kilichojengwa karne ya 13 katika ua wa msikiti wa Ibn Tulun, chenye umbo la mraba linalogeuka pembe nane na kumalizikia kwa kuba, bila mapambo ya kuhangaisha macho. Pei pia aliomba kisiwa kitengenezwe baharini ili majengo ya miaka ijayo yasije yakalisonga jumba lake. Anayeingia husimama chini ya kuba refu la chuma linalovunjavunja mwanga wa jua, na mbele yake lipo dirisha la kioo lenye kimo cha mita 45 linaloitazama ghuba na maghorofa ya upande wa pili. Hapo sauti haina la kuongeza.

Baada ya hapo na apande juu, akitafute kitu kimoja kidogo ambacho wengi hukipita wakikimbilia vito na zulia kubwa. Ni bakuli la udongo kutoka Irak, pengine Basra, la karne ya 9. Ni jeupe, na katikati yake pameandikwa maneno machache ya Kiarabu kwa rangi ya buluu, yenye maana kwamba kazi iliyofanywa imefaa. Hakuna pambo jingine la maana. Habari inayosimuliwa kwa kawaida kuhusu vyombo vya aina hii ni nzuri na ni ya kweli: vyombo vyeupe kutoka China vilipoanza kufika katika bandari za Ghuba, wafinyanzi wa Irak walivitamani lakini hawakuwa na udongo wa Kichina. Wakatumia udongo wao wa manjano, wakaufunika kwa tabaka jeupe la kung'aa lililochanganywa na bati, kisha wakatia rangi ya buluu ambayo Wachina wenyewe walikuja kuifanya mashuhuri karne kadhaa baadaye. Dakika mbili zinatosha kwa habari hiyo, wala hazibaki za nyingine.

Nyingine ipo. Katika karne hiyo hiyo, katika mabwawa ya chumvi yaliyoizunguka Basra, maelfu ya watumwa walikuwa wakikwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ili mashamba yapate kulimwa. Waarabu waliwaita Zanj, jina ambalo bado linasikika ndani ya neno Zanzibar. Mwaka 869 waliasi. Mwaka 871 waliingia Basra na kuiteketeza. Uasi wao haukuzimwa hadi mwaka 883, na al-Tabari, mwanahistoria aliyeishi Baghdad zama hizo, ameueleza kwa kirefu katika tarikh yake. Wataalamu wangali wanabishana ni wangapi miongoni mwao walitoka kweli kwenye pwani ya Afrika Mashariki na wangapi walitoka sehemu nyingine za bara. Hakuna awezaye kudai kwamba mkono wa mtumwa uliligusa bakuli lile. Lakini mji ulioandika kwamba kazi iliyofanywa imefaa ulikuwa na kazi nyingine nje ya kuta zake, na waliokuwa wakiifanya hawakukubali kwamba inafaa.

Mlinzi kutoka Mombasa aliyesimama mbele ya kabati lile la kioo siku yake ya mapumziko ana haki ya kuzijua habari zote mbili. Ana na ya tatu pia, ambayo huenda ameingia nayo bila kujijua. Vigae vya vyombo vyeupe vya Irak vya zama hizo vimefukuliwa na wanaakiolojia huko Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Maana yake ni kwamba mabakuli ya namna hii yalipakiwa majahazini, yakavuka bahari kwa pepo za kaskazi, yakashushwa ufukweni na watu wa pwani walioyanunua kwa mali zao. Karne nyingi baadaye, katika nyumba za mawe za Lamu, mafundi walichonga zidaka ukutani, safu juu ya safu, zikapangwa humo vyombo vya sini ili mgeni aingiapo avione. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, nguzo za makaburi zilipachikwa mabakuli ya Kichina kwenye saruji ya chokaa. Anayetoka katika watu waliozika wakubwa wao chini ya mabakuli ya thamani haingii katika makumbusho ya Doha kama mtu asiyejua maana ya kuweka chombo mahali pa kutazamwa. Kabati la kioo ni kidaka chenye taa ya umeme.

Inakuja sasa shida ya lugha. Maandishi ya jumba hilo yanatangulizwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na Mswahili wengi wao huchagua Kiingereza bila kufikiri, kwa kuwa ndicho walichosomeshwa. Si uamuzi mbaya. Ila Kiingereza cha makumbusho si Kiingereza cha darasani wala cha kazini. Kina maneno ya ufundi ambayo hata Mwingereza wa kawaida huyapisha tu. Hapo ndipo mwongozo wa kidijitali unapomshinda mwongozaji aliye hai. Mwongozaji akisema jambo lisiloeleweka, mtu mwenye haya hutikisa kichwa na kuendelea. Simu haina uso wa kuonewa haya. Inaweza kurudishwa nyuma mara nne, ikasimamishwa katikati ya sentensi, neno gumu likatafutwa, kisha ikaendelea, na hakuna jirani atakayejua.

Wenye kusoma chuoni utotoni wana njia nyingine inayofaa kujaribiwa: kusikiliza kwanza kwa Kiingereza, kisha kukirudia kitu hicho hicho kwa Kiarabu. Vitenzi na viunganishi vitawapita, lakini majina ya vitu yatawapiga sikioni moja baada ya jingine. Taa za kioo zilizotengenezwa Misri na Syria zama za Wamamluki kwa ajili ya misikiti zitatajwa kwa neno ambalo bibi wa Unguja angelitambua, kandili. Kalamu ni kalamu, sahani ni sahani, fedha na dhahabu hazikubadilika sana njiani, na hati ya mwandishi wa misahafu ni ile ile hati inayotajwa katika ofisi za ardhi za Afrika Mashariki. Kwa dakika chache mgeni husikia jinsi majina ya vitu hivi yalivyosafiri pamoja na vitu vyenyewe. Hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kumwonyesha hilo kwa urahisi namna hiyo.

Ama namna ya kusikiliza, kuna desturi moja ya maana kuliko nyingine zote: jicho litangulie. Mtu asimame mbele ya kitu akiwa kimya kwa muda wa kuhesabu polepole hadi sitini. Ajiulize kimetengenezwa kwa nini, kimechakaa wapi, fundi alikosea wapi, kilishikwa kwa mkono mmoja au miwili. Kisha ndipo abonyeze namba. Sauti ikimaliza, asiondoke. Atazame tena bila sauti, aone ni kipi alichokiona yeye ambacho msomaji hakukitaja. Mfano mzuri ni sanamu ya paa jike iliyosubiwa kwa shaba nyeusi katika karne ya 10 huko Hispania, zama za watawala wa Cordoba. Alikuwa mdomo wa chemchemi. Maji yalipanda kupitia chini yake na kutoka kinywani. Anayeanza na sauti huambiwa hivyo mara moja, akasadiki, akapita. Anayeanza na macho hukiona kinywa kilichoachwa wazi, akajiuliza mnyama huyu alikuwa akilia au akinywa, na jibu linapokuja huwa ni jibu la swali lake mwenyewe.

Mengine ni ya kawaida. Sikio moja libaki wazi, hasa kwa aliyekuja na mwenzake au na mtoto. Sauti isivuke kisikizi. Vitu sita au saba vinatosha kwa siku moja, kwa kuwa jumba halihami na kurudi hakulipiwi na mwenye kitambulisho. Anayetaka kumaliza namba zote hutoka na miguu inayouma na kichwa kilichojaa tarehe.

Kwa anayevutwa na ile habari ya Basra, liko jumba jingine mjini Doha ambalo halihusu sanaa, lakini ndilo linalosema waziwazi lile ambalo bakuli linalinyamazia. Ni Nyumba ya Bin Jelmood, moja ya nyumba nne za zamani za mtaa wa Msheireb zilizogeuzwa makumbusho na kufunguliwa mwaka 2015. Inasimulia historia ya utumwa katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi, zikiwamo njia zilizoanzia Afrika Mashariki, hadi utumwa ulipopigwa marufuku Qatar. Mwaka wa marufuku hayo ni 1952, ule ule ambao Waholanzi walitia redio ya kwanza masikioni mwa wageni wa makumbusho. Ni sadfa tu. Lakini inampa mtu kipimo: mambo haya mawili ni ya umri mmoja, na wako wazee wanaoukumbuka mwaka huo. Nyumba hiyo inategemea sana filamu na sauti za wasimulizi, na ndani yake shauri la kutazama kwanza halifai. Humo ni bora kukaa na kusikiliza hadi mwisho. Kutoka Souq Waqif ni mwendo wa miguu wa dakika chache, kwa hiyo majumba haya mawili yanaweza kutembelewa katika Ijumaa mbili zinazofuatana, la sanaa kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo wageni kutoka Afrika Mashariki wanalo tayari mikononi mwao. Simu inayopokea mwongozo wa sauti pia hurekodi, na hakuna watu wanaotumia ujumbe wa sauti kwa moyo kama walio mbali na kwao. Mtu aliyeketi kwenye ngazi za nje jioni, jua likizama nyuma ya mji, anaweza kuzitumia dakika mbili zile zile alizopewa mwandishi wa makumbusho kumweleza mama yake aliyeko Kisauni kuhusu bakuli jeupe, wafinyanzi wa Basra, watu wa mabwawa ya chumvi, na zidaka za Lamu. Atalazimika kutafuta maneno, maana hapo hakuna wa kumfasiria. Baada ya muda simu italia, na aliyeko Kisauni atakuwa ameuliza jambo ambalo halikuandikwa kwenye kibao wala kusemwa sikioni: ndani ya bakuli hilo, watu hao walikuwa wakila nini?